UZI: Kiboko ni mnyama wa majani. Safari yake ya usiku, mapito yake na namna ya kuishi naye kando ya maji

#1 Katuma_Juu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Maswali ya kiboko yanajirudia sana humu, na majibu mengi yanaanzia majini. Majini kiboko amepumzika tu. Kula anakula nchi kavu, usiku, na karibu kila kinachotuhangaisha kuhusu yeye (mashamba kuliwa, mitumbwi kupinduliwa, samaki kufa, kimeta) kinatokana na hiyo safari ya kwenda malishoni na kurudi. Nianze na safari yenyewe, mengine mtaongezea.

Mwili kwanza. Dume aliyekomaa ana kilo 1,500 hadi 1,800 hivi, na wachache hupita tani 2. Jike ni mdogo kidogo. Ngozi yake ni nene sana, lakini tabaka la juu kabisa ni jembamba na linapoteza maji haraka kuliko la wanyama wengine wa porini. Akikaa juani saa kadhaa bila tope wala maji, ngozi inakauka na kupasuka. Hana jasho kama letu. Kuna utelezi unaotoka kwenye ngozi, ukitoka hauna rangi, baada ya dakika chache unageuka mwekundu, kisha kahawia. Watu wakiuona wanadhani anavuja damu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walichambua huo utelezi wakakuta rangi mbili, nyekundu na ya machungwa, zinazonyonya miale ya jua, na ile nyekundu inazuia bakteria kukua. Ndiyo maana madume yenye majeraha makubwa ya kupigana yanakaa kwenye maji machafu na vidonda vinapona.

Kwa hiyo mchana ni wa kulinda ngozi. Jua likizama wanaanza kutoka, mmoja mmoja au mama na mtoto wake. Kundi mnaloliona limebanana mchana linavunjika likigusa nchi kavu. Malishoni kila mmoja anakula kivyake kwa saa 5 au 6. Majani yakiwa karibu haendi mbali na maji, kilomita moja mpaka tatu. Ukame ukikolea anaweza kufika kilomita 10. Alfajiri wanarudi, na kukicha wengi wapo majini.

Sasa mdomo. Yale meno marefu mnayoyaona akipiga mwayo hayahusiki na kula. Meno ya chini ya pembeni hufika sentimita 50 na kazi yake ni kupigana. Kula anatumia midomo, ambayo upana wake ni karibu nusu mita na kingo zake ni ngumu. Anaishusha mpaka ardhini, anabana majani, anatikisa kichwa kidogo upande na kunyofoa. Tazameni mahali alipokula: majani yamebaki mafupi sana, yamelingana, na hakuna mashina yaliyong'olewa na mizizi yake kama alivyofanya nguruwe pori. Akirudia hapo kila usiku, nyasi ndefu zinashindwa na ukoka unatamba, maana ukoka unatambaa chini na kuchipua upya haraka. Vile viwanja vya kijani kibichi kando ya mito ya Katavi, Ruaha na Ishasha wamevitengeneza viboko wenyewe.

Kwa usiku mmoja anakula kilo 40 hivi za majani mabichi. Kwa mwili ule hicho ni chakula kidogo. Ng'ombe wa uzito huo angehitaji zaidi. Sababu ni kwamba mchana kutwa hatumii nguvu, maji yanambeba, na tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo majani yanachachuka taratibu kwa muda mrefu. Hacheui.

#2 Pondo_na_Kafi

Shukrani mkuu Katuma. Uzi kama huu ulihitajika. Naomba ueleze mapito. Kule kwetu watu wanalima juu ya mapito bila kujua, halafu wanalalamika kiboko "amewafuata".

#3 Katuma_Juu

Mapito yake yana alama isiyofanana na ya mnyama mwingine. Kiboko miguu yake imekaa mbalimbali, wa kushoto na wa kulia, na tumbo liko chini. Njia iliyotumika muda mrefu inakuwa na mifereji miwili sambamba, na katikati kunabaki tuta lenye majani. Ng'ombe na nyati wanatengeneza mfereji mmoja. Tembo anaacha njia pana iliyo bapa. Ukiona mifereji miwili yenye tuta katikati inatoka kwenye maji, hapo hapana mjadala.

Unyayo una vidole vinne vilivyotawanyika, vyote vinagusa chini na kila kimoja kina alama ya ukucha mbele. Faru ana vidole vitatu. Anapopanda ukingo mkali anaukata taratibu mpaka panakuwa na korongo jembamba lenye kuta pande mbili, na mvua ikija maji yanapita humo humo. Kwenye mabwawa ya Okavango, Botswana, mapito ya viboko ndiyo yanayofungua njia mpya za maji katikati ya mafunjo.

Kando ya mapito mtaona vichaka vilivyopakwa kinyesi mpaka urefu wa kiuno. Dume anageuza makalio, anatikisa mkia wake mfupi bapa na kurusha samadi kila upande. Vichaka hivyo vikiwa bado vibichi, njia inatumika usiku huu.

Mapito hayahami ovyo. Vizazi na vizazi wanapita pale pale. Shamba likikatiza pito, kiboko hatazunguka kwa sababu kuna mahindi. Anapita njia yake, anakula anachokuta, na hasara kubwa inakuwa ya kukanyagwa kuliko ya kuliwa.

#4 Nyuma_ya_Usangu

Naungana na Katuma hapo. Kwenye mpunga ndiyo mbaya zaidi, majaruba (vipande vya mpunga vilivyozungushiwa tuta la kushika maji) yanakanyagwa, maji yanavuja, na ukikosa kuziba siku ile ile unapoteza jaruba zima hata kama amekula kona moja tu.

Swali: ukuta mfupi unamzuia kweli au ni maneno ya watu?

#5 Bwana_Shamba_Kilombero

Unamzuia, mradi uwe mgumu. Kiboko hawezi kuruka wala kuinua mguu juu kuvuka kitu, na tumbo liko chini mno. Hii inamfanya awe tofauti kabisa na nyati au tembo, kizuizi kifupi kinatosha. Nieleze vitatu vinavyofaa.

Ukuta wa mawe au magogo: sentimita 60 hadi 70 kwenda juu. Mawe yapangwe mapana chini, la sivyo anausukuma kwa kifua na unaanguka. Magogo yalazwe juu ya nguzo zilizochimbiwa vizuri, na pasibaki nafasi chini ya gogo la kwanza ambayo pua yake inaweza kuingia, kwa sababu akiingiza pua anainua.

Handaki: mita 1 kwenda chini, upana mita 1 au zaidi, ukuta wa upande wa shamba uwe wima. Udongo uliochimbwa uwekwe upande wa shamba ili uongeze kimo. Kinachoharibu handaki ni mvua. Ukuta unabomoka, unakuwa mteremko, naye anapanda kama anavyopanda ukingo wa mto. Kwenye udongo wa kichanga msihangaike na handaki. Kwenye mfinyanzi linakaa, lakini linatakiwa lichongwe upya kila baada ya masika.

Uzio wa umeme wa sola: nyuzi mbili zinatosha, ya kwanza sentimita 40 hivi kutoka ardhini, ya pili 80 hivi. Makosa ninayoyaona kwenye uzio huu ni mawili. La kwanza, majani yanakua na kugusa waya wa chini, umeme wote unaishia ardhini, betri inakufa kabla ya saa sita usiku, yaani wakati ule ule viboko wako njiani. Fyekeni mstari wa mita moja chini ya waya kila wiki mbili wakati wa mvua. La pili, vyuma vya kutulizia umeme ardhini vimechomekwa kwenye udongo mkavu. Kiangazi udongo mkavu haupitishi umeme, mnyama anagusa waya na hasikii kitu. Chomekeni vyuma vitatu, virefu, mahali penye unyevu, na mvimwagie maji kiangazi.

Miiba peke yake haimzuii akiwa na njaa. Moto na debe vinasaidia usiku wa kwanza na wa pili, baadaye anazoea.

Na muhimu kuliko vyote: msizungushie pito lenyewe. Mkimfungia njia yake pande zote atavunja mahali, na mahali penyewe patakuwa kwa jirani asiye na uzio. Acheni uchochoro wa mita kadhaa kati ya mashamba kutoka majini mpaka malishoni.

#6 Dada_wa_Mazingira

Niongeze la sheria kwa Tanzania. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Wengi wanaijua kama sheria ya kulinda chanzo cha maji, ila mita hizo 60 ndizo hasa ukanda ambao kiboko anaanza kula akitoka. Ukanda ukibaki na ukoka, wengi wanashiba hapo, hasa majike wenye watoto ambao hawapendi kwenda mbali. Ukilimwa mpaka ukingoni, mdomo wa kwanza unaangukia mahindi.

#7 Pondo_na_Kafi

Wavuvi nao wasisahauliwe. Naomba wenye ujuzi waeleze kwa nini anashambulia mtumbwi wakati hali nyama na mtumbwi haumpunguzii majani.

#8 Mwalo_Kusini

Ndugu Pondo, hapo inabidi uelewe umiliki. Dume mkubwa ana eneo lake, na eneo hilo ni la majini tu. Mtafiti Hans Klingel aliyewafuatilia Uganda, Hifadhi ya Queen Elizabeth, alikuta dume mmoja kwenye ufukwe wa ziwa anashikilia mita 250 hadi 500, na kwenye mto ambako viboko wamebanana mita 50 hadi 100. Wengine wanalishikilia eneo moja miaka mingi. Madume mengine yanaruhusiwa kukaa humo yakinyenyekea. Malishoni usiku hakuna eneo la mtu, wanapishana bila ugomvi. Kwa hiyo dume yule yule aliyekupita shambani bila kukutazama usiku, mchana ukiingia kwenye mita zake anakuona mshindani.

Jike mwenye mtoto ni habari nyingine, na ndiye wa kuogopa zaidi. Mimba ni miezi 8, anazaa mtoto mmoja wa kilo 25 hadi 50, kwenye maji mafupi au matete, peke yake, na anakaa mbali na kundi siku kadhaa. Kwa hiyo kiboko mmoja aliyejitenga kwenye matete si lazima awe dume aliyefukuzwa. Anaweza kuwa jike aliyezaa juzi, na hatoi onyo refu.

Ya kufanya ukiwa na mtumbwi:

Kaa kwenye maji mafupi karibu na ukingo, usipite kwenye kina. Kiboko akishtuka anakimbilia kina, na ukiwa juu ya kina uko kwenye njia yake. Ila kabla ya kubana ukingoni tazama kama kuna kiboko aliyeko nchi kavu. Akiwapo, mwachie njia ya kushuka, kaa mbali kabisa.

Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi kila baada ya muda ukikaribia kona au matete. Wanainua vichwa kuangalia, nawe unajua wako wangapi na wako wapi. Mvuvi anayenyemelea kimya ndiye anayepita juu ya mgongo wa kiboko.

Hesabu vichwa, kisha hesabu tena. Mkubwa anaweza kukaa chini dakika 5 hivi. Ukiona watano, halafu wanne, yule wa tano anatembea chini. Kiboko haogelei kama mbwa, anatembea na kudunda kwenye sakafu ya maji. Akija kwa kasi kwenye maji mafupi utaona wimbi lenye umbo la ncha linakuelekea, au mstari wa mapovu. Hapo kata kuelekea nchi kavu, usirudi nyuma kwenye kina.

Mtumbwi ukipinduka, achana nao. Hasira yake mara nyingi iko kwenye mtumbwi. Ogelea kuelekea ukingo ulio karibu, kwa upande ambao hayupo.

Mwayo si usingizi. Dume anayefungua kinywa kikitazama kwako anakuonyesha meno. Akifuatisha na kuchota maji kwa kichwa au kurusha samadi, umeshaonywa.

#9 Naivasha_Kando

Kwa upande wa Kenya, hapa Naivasha shida ni kwamba kingo zimezungushiwa ua sehemu nyingi, kisha maji ya ziwa yakapanda na kumeza nyasi za ukingoni. Viboko wanabaki na vipande vichache vya kutokea, na vipande hivyo hivyo ndivyo watu wanavyotumia kuvua kwa miguu na kuchota maji. Saa mbaya ni magharibi, saa 12 na nusu hadi saa 2 usiku, na alfajiri saa 10 hadi saa 12. Mtu akiwa kati ya kiboko na maji saa hizo ndiye anayeumizwa.

Ukikutana naye nchi kavu usimzuie kwenda majini. Toka kwenye pito, kaa nyuma ya mti mkubwa au kichuguu, panda ukiweza. Kushindana naye mbio usijaribu, anafika kilomita 30 kwa saa. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha mifugo cha London walichapisha uchambuzi wa video wakaonyesha kuwa akienda kasi kabisa miguu yote minne inaachana na ardhi kwa kitambo kidogo, takriban sehemu 3 za kumi za sekunde.

Kwa wanaoumizwa: Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamtaja kiboko kati ya wanyama ambao madhara yake yanalipwa fidia. Kifo ni shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Ripoti mapema, na upate hati ya hospitali na ya polisi.

#10 Dada_wa_Mazingira

Tanzania tunalipa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeraha au kifo, chini ya kanuni za mwaka 2011. Si fidia kamili, na kwa mazao kuna kikomo cha ekari 5. Upeni ushahidi umuhimu: mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya waone nyayo na majani yaliyoliwa kabla mvua haijafuta. Piga picha unyayo ukiwa na kitu cha kupimia kando yake. Maombi mengi yanakwama kwa sababu afisa anafika siku ya kumi na shamba limeshapandwa tena.

#11 Ishasha_Mpakani

Ndugu zangu, wengi wanauliza faida yake ni nini. Turudi kwenye majani. Kiboko anachukua majani nchi kavu usiku na kuyaacha majini mchana kama samadi. Kwenye mto Mara wamehesabiwa viboko zaidi ya 4,000, na watafiti wamekadiria kuwa wanaingiza mtoni takriban kilo 36,000 za kinyesi kibichi kila siku. Wadudu wa majini wanakula, samaki wanakula wadudu. Hata silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na kioo) inayotoka kwenye majani inapitia kwao. Utafiti wa 2019 kwenye Mara huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya silika inayosafiri na mto inapitia tumbo la kiboko. Silika hiyo ndiyo inayojenga maganda ya mwani mdogo ulio chakula cha msingi ziwani.

Upande wa Congo tumeona hasara yake. Hifadhi ya Virunga, pamoja na Ziwa Edward na mito yake, ilikuwa na viboko karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Vita na uwindaji wa nyama na meno viliwashusha hadi chini ya 1,000 kufikia 2005.

#12 Nyuma_ya_Usangu

Lakini mkuu Ishasha, samadi hiyo hiyo inaua samaki. Ruaha Mkuu kila kiangazi samaki wanaelea kwenye madimbwi ya viboko.

#13 Ishasha_Mpakani

Ni kweli, na inategemea maji yanatembea au yamesimama. Mto ukitiririka, samadi inasambaa na kila kiumbe kinapata kidogo. Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu 1993 unakatika kiangazi, maji mengi yakiwa yamechepushwa kwenda mashambani juu kule Usangu. Mto ukikatika viboko wa kilomita nyingi wanajikusanya kwenye madimbwi machache. Samadi inalundikana chini, bakteria wanaiozesha, oksijeni inakwisha. Watafiti waliofanya kazi Ruaha, wakachapisha mwaka 2018, walilinganisha madimbwi yenye viboko wengi na yenye wachache: mto ukisimama, yale yenye wengi yanapoteza samaki kwa wingi na kwa aina. Mvua zikirudi na mto ukatiririka, hali inajirekebisha.

Kwenye Mara kuna namna nyingine. Mvua ya ghafla inasukuma maji meusi ya chini ya madimbwi yote kwa mpigo, yanashuka mtoni yakiwa hayana oksijeni, na samaki wa kilomita kadhaa chini wanakufa kwa saa chache. Wavuvi wengi wanadhani ni sumu. Dalili ya kutofautisha: oksijeni ikiisha, samaki wanapanda juu kuhema kabla ya kufa, na maji yananuka kama yai bovu.

#14 Katuma_Juu

Katavi ni hivyo hivyo. Mwishoni mwa kiangazi pale Ikuu wanalaliana mgongo kwa mgongo, na madume yanapigana kwa sababu maeneo yote yamefutika. Madume mageni yanaweza kuua watoto. Wakati huo majani ya karibu yamekwisha, wanatembea mbali na kurudi wamechoka.

Kubanana huku kunawavunjia pia utulivu wa kujuana kwa sauti. Ule mlio wao, mkoromo mrefu unaofuatiwa na miguno mifupi mitatu minne, unasikika mbali juu ya maji na chini ya maji. Mwaka 2022 watafiti waliokuwa Msumbiji, hifadhi ya Maputo, walichapisha matokeo ya kuwachezea sauti zilizorekodiwa: ya mwenzao wa kundi, ya jirani wa ziwa lile lile, na ya mgeni. Mgeni ndiye aliyejibiwa kwa ukali zaidi, na samadi ikarushwa. Kwa wanaohamisha viboko, jambo hilo lina kazi: sauti ya anayehamishwa inaweza kuzoeshwa wenyeji kabla hajafika.

#15 Mwanafunzi_SUA

Naomba msaada wakubwa. Tunaambiwa kiboko anakula nyama wakati mwingine. Ni kweli? Na wanahesabiwaje maana wanazama?

#16 Katuma_Juu

Nyama: imeandikwa, ni nadra. Mtafiti Joseph Dudley alishuhudia Hwange, Zimbabwe, mwaka 1995 kiboko akila swala pala, na baadaye yeye na wenzake walikusanya visa vingine, vikiwemo vya viboko kula mizoga ya viboko wenzao. Mara nyingi majani yamekwisha. Tumbo lake linaweza kumeng'enya nyama, ila midomo na meno yake havikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kuhesabu: kiangazi kinapoelekea mwisho, mto ukiwa umepungua. Asubuhi saa 3 hadi saa 5, jua likiwa limewaka lakini bado hawajatawanyika kutafuta kivuli. Simama juu ya ukingo upande ambao upepo hauwapelekei harufu yako, kaa kimya dakika 20. Hesabu mara tatu kwa kupumzika dakika 5 kati ya hesabu, chukua namba kubwa kabisa, usichukue wastani. Wastani unapunguza kila mara kwa sababu wapo waliozama. Andika madume makubwa, majike wenye watoto na watoto peke yao. Mtoto wa mwaka huu mara nyingi amelala juu ya mgongo wa mama yake, ukitazama haraka unamruka. Garamba, kaskazini-mashariki mwa Congo, wametumia droni, na inasaidia kwenye kundi lililobanana ambapo aliyesimama ukingoni anaona safu ya mbele tu.

#17 Pondo_na_Kafi

Je, baharini? Mafia wapo, na kwenye midomo ya mito.

#18 Mwalo_Kusini

Mafia wapo, kundi dogo, na inasemekana walitoka delta ya Rufiji. Wami nako wapo, mpaka karibu na Saadani. Maji ya chumvi anayavumilia kwa muda, ila lazima apate majani na maji baridi ya kunywa. Mafuriko huwasukuma. Viboko wa mto Sabaki walichukuliwa na maji mpaka baharini karibu na Malindi, na baada ya tsunami ya Desemba 2004 mtoto mmoja alinasuliwa akapelekwa Mombasa.

#19 Daktari_wa_Mifugo_TZ

Naona kimeta kimetajwa mwanzoni na hakijaguswa. Naomba mnisome vizuri.

Mbegu za kimeta zinakaa kwenye udongo miaka mingi. Kiboko anakula majani kwa kuyabana karibu kabisa na ardhi. Kiangazi ukoka ukiwa mfupi na ukingo umekauka, anameza udongo pamoja na majani. Wamebanana, maji ni machafu, mmoja akifa wengine wanakaa naye. Uganda, Queen Elizabeth, mwaka 2004 walikufa takriban 300. Aprili 2025 walikufa wasiopungua 50 Virunga, kando ya mto Ishasha, na mizoga ikaelea kuelekea Ziwa Edward.

Hatari ni nyama. Zambia mwaka 2011, wilaya ya Chama, watu walikula nyama ya viboko waliokutwa wamekufa, na wagonjwa walioshukiwa wakafika 511. Mzoga wenye damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu ya haja kubwa, uliovimba haraka na haukakamai, usiukate. Ukikatwa, vimelea vinakutana na hewa na kugeuka mbegu sugu. Kuchemsha kwa kawaida hakuaminiki kuua mbegu hizo, na kukausha nyama juani au kuiweka chumvi hakusaidii kabisa.

Ukiona kiboko amekufa majini bila jeraha: usimvute kwa mikono, usichote maji chini yake, peleka mifugo mbali, piga simu kwa afisa mifugo na afisa wanyamapori siku hiyo hiyo. Mzoga unachomwa mzima au unazikwa mita 2 kwenda chini. Kiboko mzima anahitaji kuni nyingi mno, kwa hiyo mara nyingi kuzika kwa mashine ndiko kunakowezekana. Shimo liwe mbali na maji na mahali ambapo mafuriko hayafiki. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa vijiji vya karibu wapigwe chanjo ya kimeta kila mwaka, kabla ya kiangazi kukolea.

Aliyegusa mzoga akatoka kijipu kisichouma, kinachogeuka kidonda chenye gamba jeusi katikati, ndani ya siku 1 hadi 7, aende hospitali na aseme wazi kwamba amegusa mzoga. Kinatibika kwa antibayotiki kikiwahiwa. Wengi wanachelewa kwa sababu wanaogopa kuulizwa nyama wameitoa wapi.

#20 Bwana_Shamba_Kilombero

Daktari, shukrani. Swali la nyongeza: eneo la mzoga uliochomwa au kuzikwa, ng'ombe wanaweza kurudi lini?

#21 Daktari_wa_Mifugo_TZ

Usiwarudishe kulisha hapo kabisa, weka uzio wa kudumu na alama. Mbegu zinaweza kukaa miongo mingi, na minyoo, mafuriko au jembe vinazipandisha juu. Kama mzoga ulivuja damu kabla ya kuzikwa, udongo ule wa juu wenye damu, sentimita 20 hivi kwenda chini, nao uingie shimoni. Mkisahau sehemu hiyo, mtakuwa mmezika mzoga na kuacha mbegu juu.